Buibui Anayekua Polepole: Mambo ya Kujua Kabla Jamaa Haijampokea

Wiki hii tunaongea juu ya mnyama ambaye wengi wetu tukimkuta jikoni tunatafuta kandambili mara moja. Ni buibui mkubwa mwenye manyoya. Vitabu vinamwita tarantula, na wenye kusoma Kifaransa wanamwita mygale.

Kwa nini gazeti la jamaa liandike juu ya buibui? Kwa sababu maswali yanatufikia. Wengi kati yetu tuna watoto, dada na wajukuu walioko Ubelgiji, Ufaransa au Kanada, na huko kuna watu wanaofuga buibui huyu ndani ya nyumba, kama sisi tunavyofuga paka. Mama anapigiwa simu ya video na mjukuu, anaonyeshwa sanduku la kioo lenye mnyama wa miguu minane, na mtoto anamwambia kwa furaha: "Koko, umemwona? Leo amekula!" Koko anakosa la kusema. Baadaye anatuuliza kikundini: Je, hatamwua mtoto? Anakula nini? Tena, ataishi mpaka lini?

Swali hilo la mwisho ndilo kubwa, maana jibu lake linashangaza. Buibui huyu hakui upesi, na jike hafi upesi. Jike anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Mtoto akimpata akiwa na miaka 10, anaweza kufika umri wa kuoa na kuzaa, na buibui bado yuko palepale katika sanduku lake. Kwa hiyo kumpokea si kununua kichezeo cha sikukuu. Ni kuahidi kazi ya miaka mingi, na sisi wamama tunajua vizuri kazi ya namna hiyo inamwangukia nani watoto wakichoka.

Ni nani huyu, na kwao ni wapi?

Ukoo wa tarantula una aina karibu 1,000, zinazopatikana katika nchi zenye joto za Amerika, Afrika, Asia na Australia. Jina lenyewe limetoka mbali nao: ni jina la mji wa Taranto, kule Italia. Watu wa pande zile zamani waliamini kwamba mtu aliyeumwa na buibui fulani alipaswa kucheza ngoma mpaka sumu imtoke. Buibui wa Taranto alikuwa wa ukoo mwingine kabisa, lakini jina lilisafiri na Wazungu mpaka Amerika, wakawapa nalo buibui wakubwa wenye manyoya waliowakuta huko.

Aina inayojulikana sana kwa wafugaji ni tarantula wa magoti mekundu wa Meksiko. Wataalamu wanaita jamii yake Brachypelma. Mwili wake ni mweusi unaoelekea kahawia, na kwenye magoti ana rangi ya chungwa iliyoiva, kama mtu aliyevaa kikwembe cha sherehe. Akikomaa na kutandaza miguu, anafikia karibu sentimeta 14, kama upana wa sahani ndogo. Kwao ni upande wa Meksiko unaoelekea bahari ya Pasifiki, katika majimbo kama Guerrero, Michoacán, Colima na Jalisco. Huko anaishi ndani ya shimo, chini ya mawe au mizizi. Hatandiki nyavu hewani kama buibui wa darini. Usiku anakaa mlangoni pa shimo lake, anasikiliza mtikisiko wa udongo kwa miguu yake, na mdudu akipita karibu anamrukia.

Namna anavyokua

Mama buibui anataga mayai mia kadhaa. Anayafunga kwa uzi wake mwenyewe mpaka yanakuwa kama mpira, na mpira huo anaulinda na kuugeuzageuza wiki nyingi mpaka watoto watoke. Mtoto akitoka ni mdogo kuliko punje ya mchele. Ni vigumu kuamini kwamba siku moja atajaa sahani.

Mwili wa buibui hauna mifupa ndani. Ngozi yake ngumu ndiyo inayomshikilia, na ngozi hiyo haitanuki. Kwa hiyo ili akue, lazima aivue yote na kuota nyingine. Akiwa mdogo anajivua kila baada ya miezi michache. Kadiri anavyokua, nafasi inakuwa ndefu: mara moja kwa mwaka, au hata mara moja kwa miaka miwili. Tarantula wa magoti mekundu anahitaji miaka mitano, sita, au zaidi ili awe mtu mzima. Mtoto anayemnunua akiwa mdogo sana, akitazama kila asubuhi, haoni badiliko lolote. Badiliko analiona siku moja tu: siku anapokuta ngozi tupu imelala pembeni, na buibui amekuwa mkubwa kidogo kuliko jana.

Kwa nini ni polepole hivyo? Kwa sababu maisha yake ni ya kukaa na kungoja. Hatembei sana, hajipashi mwili joto kama kuku au paka, na anatumia chakula kidogo mno. Anaweza kukaa miezi bila kula na asife, mradi ana maji. Ukimlisha zaidi na nyumba ikiwa na joto, anakua haraka kidogo, lakini hakuna chakula kitakachomfanya mkubwa kwa mwaka mmoja.

Hapa kuna jambo ambalo wanaume watatusamehe kulisema. Dume na jike hawana maisha sawa. Dume akikomaa anaacha shimo lake, anaanza kutembea kutafuta wanawake, na mara nyingi baada ya mwaka mmoja hivi amekufa. Jike anabaki nyumbani, anaendelea kujivua ngozi, anaendelea kuishi, na ndiye anayefikisha miaka 20 na kuipita. Tena akiwa mchanga ni vigumu sana kumjua kama ni jike au dume. Anayepokea mtoto wa buibui hajui kama amepokea kazi ya miaka michache au ya nusu ya umri wake.

Akilala chali hajafa

Jambo linalowatisha watu wengi ni siku ya kujivua ngozi. Wiki kadhaa kabla ya siku hiyo buibui anakataa chakula, rangi inafifia, na anakaa kimya. Kisha analala chali, miguu juu, saa nyingi. Asiyejua anasema amekufa, anamchukua na kumtupa. Wamama, hapo ndipo anapozaliwa upya. Buibui aliyekufa kwa kawaida anabaki kifudifudi, na miguu yake inajikunja chini ya mwili. Anayelala chali anajivua. Asiguswe, asipuliziwe maji, sanduku lisitikiswe.

Akimaliza, mwili wake ni laini kama mtoto mchanga, hata meno yake hayana nguvu. Mdudu mzima akiachwa ndani ya sanduku siku hiyo anaweza kumng'ata buibui na kumwumiza. Inafaa kungoja wiki moja au mbili kabla ya kumpa chakula. Na kama alikuwa amepoteza mguu, mguu mpya unaanza kuota wakati huo. Kwanza unakuwa mfupi na mwembamba, na baada ya kujivua mara kadhaa unafanana na mingine.

Kumtunza si kazi nzito, ila ni ya muda mrefu

Makao. Sanduku la kioo au plastiki lenye matundu madogo ya hewa na kifuniko kinachofunga sawasawa. Liwe pana kuliko refu. Tumbo la buibui huyu ni laini, na akipanda juu akaanguka linaweza kupasuka. Chini kuwe na udongo mkavu usio na dawa, au makumbi ya nazi yaliyosagwa, wenye kina cha kumwezesha kuchimba. Kipande cha gome la mti au chungu kilichovunjika kitamfaa kujificha.

Maji na chakula. Kisahani kidogo cha maji safi kiwepo siku zote. Chakula chake ni wadudu wazima, kama nyenje na mende. Mtu mzima anatosheka na nyenje mmoja au wawili kwa wiki, na wiki nyingine hataki kitu. Mdudu asiyeliwa aondolewe. Msimpe wadudu waliookotwa mahali palipopuliziwa dawa, maana dawa inayomwua mende itamwua naye. Kwa sababu hiyohiyo, chumba chenye buibui kisipuliziwe dawa ya mbu.

Joto. Joto la nyumba ya watu linamtosha. Katika nchi za baridi asiwekwe juu ya kifaa cha kupasha nyumba joto wala dirishani penye jua kali. Yeye hatafuti mwanga, anatafuta giza na utulivu.

Kumshika. Hapa watoto wanasikitika. Buibui hamjui bwana wake, hafurahii kubebwa, wala hatakuja akiitwa. Akishtuka mkononi anakimbia na kuanguka. Ni mnyama wa kutazamwa. Mtoto anayetaka mnyama wa kukumbatia, huyu si wake.

Je, hatamwua mtoto?

Jibu la kweli ni kwamba tarantula wa magoti mekundu ana sumu, lakini sumu hiyo ni ya kuua wadudu. Akimwuma mtu, maumivu yanafanana na ya nyuki. Hata hivyo, kama vile nyuki, kuna watu ambao miili yao inachukia sumu. Mtu akiumwa kisha akavimba uso au akakosa pumzi, apelekwe hospitali mara moja.

Hatari iliyo karibu zaidi ni manyoya. Tarantula wengi wa Amerika wana manyoya madogo sana tumboni, na wakiogopa wanayakwangua kwa miguu ya nyuma na kuyarusha hewani. Yakigusa ngozi yanawasha kama upupu. Yakiingia jichoni ni jambo zito: yanachoma ndani, na mganga wa macho anaweza kuhitaji muda mrefu kuyatibu. Kwa hiyo uso usisogezwe karibu na sanduku lililo wazi. Baada ya kusafisha sanduku au kushika udongo wake, mikono ioshwe kabla ya kugusa macho. Na mtoto mdogo asiachwe peke yake karibu nalo.

Sisi tulioko Kongo tuongeze neno. Ukoo huu uko Afrika pia. Kuna wakubwa wanaochimba mashimo Kameruni, na kuna wengine Kenya na Tanzania. Wa Afrika hawana manyoya ya kuwasha, lakini ni wakali zaidi, na wakiuma maumivu yanakuwa makali. Kwa hiyo tuwafundishe watoto wasichokoe kwa kijiti wala kwa kidole shimo lenye uzi mlangoni. Pia tuwafundishe kwamba hakuna sababu ya kumfuata buibui shambani na jembe. Yeye anakula wadudu, na akiachwa katika shimo lake hamtafuti mtu.

Buibui wa miaka 43 na wanawake wawili

Tunapenda kuwapa hapa habari ya kweli kutoka Australia, maana inaonyesha polepole hii ina maana gani. Mwaka 1974, mtaalamu mmoja mwanamke, Barbara York Main, alianza kuchunguza buibui katika msitu mdogo wa magharibi mwa nchi hiyo. Hawa si tarantula wenyewe, ni ndugu zao, wanaojenga shimo lenye kifuniko kama mlango. Kila shimo alilipa namba. Kati ya wa kwanza kulikuwa na jike aliyeitwa Namba 16.

Barbara alirudi mwaka baada ya mwaka. Majike wa aina hiyo wanaishi katika shimo lilelile maisha yao yote, kwa hiyo hakuhitaji kubahatisha: akikuta Namba 16 palepale, ni yuleyule. Miaka ilipita, 10, 20, 30. Barbara alizeeka, na buibui alikuwa bado mlangoni pake. Kazi ilipokelewa na mtafiti mwingine mwanamke, Leanda Mason. Yeye ndiye aliyekuta, mwaka 2016, kifuniko cha shimo kimetobolewa na nyigu, na Namba 16 hayumo. Alikuwa na miaka 43, akiwa amempita tarantula mmoja wa Meksiko aliyejulikana kwa kufikisha 28. Barbara York Main alifariki mwaka 2019.

Tunachokiona katika habari hii ni kwamba kitu kinachoishi polepole kinaweza kuhitaji zaidi ya mlezi mmoja. Barbara alipata wa kumpokea kazi. Jamaa inayomleta buibui nyumbani nayo ijiulize: mtoto akienda kusoma mji mwingine, nani atapokea?

Anayekua polepole haraki kurudi

Kuna upande mwingine ambao wamama wa Kongo tunauelewa kuliko wengi. Kwa miaka mingi tarantula wa magoti mekundu walikuwa wanakamatwa porini Meksiko na kuuzwa nje. Waliotafutwa zaidi walikuwa majike wakubwa, maana ni wazuri na wanaishi sana. Lakini jike mmoja aliyetolewa shimoni ni miaka mingi ya kukua iliyoondoka mara moja, pamoja na mayai yote ambayo angetaga baadaye. Kati ya watoto wake mamia, ni wachache tu wanaofika utu uzima. Pori halikuweza kufidia upesi.

Ndiyo maana mwaka 1985 aina hiyo iliwekwa chini ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini kati ya nchi na nchi. Tangu hapo hauzwi nje bila hati. Leo wengi wanaouzwa halali Ulaya wamezaliwa mikononi mwa wafugaji.

Sisi tuna mfano wetu: kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Yeye naye anataga mayai machache, anachukua miaka kabla ya kuzaa, na anaishi sana. Misitu yetu ilitoa kasuku wengi mno kwa ajili ya nyumba za mbali, na mahali pengine palipokuwa na kelele zao leo pako kimya. Mwaka 2016, katika mkutano wa CITES huko Johannesburg, nchi zilikubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya kasuku hao wanaokamatwa porini. Tusingoje mpaka tuseme hivyo juu ya kila mnyama. Mtu akija kijijini kuwapa watoto franka ili wamchimbulie buibui, vinyonga au kobe, wazazi waulize: hati iko wapi?

Maswali ya kukaa nayo mezani

Kama ndugu zenu walioko mbali wanataka kumpokea buibui huyu, tunawashauri wajibu maswali haya kwanza, wote pamoja, mtoto akiwepo:

1. Je, amezaliwa kwa mfugaji, na muuzaji ana hati?
2. Nani atatafuta nyenje na kubadilisha maji wakati wa mitihani, wakati wa ugonjwa, na wakati wa safari?
3. Mwenye nyumba anakubali?
4. Kuna mtoto mchanga anayefungua kila kifuniko anachokiona?
5. Baada ya miaka 15, nani atakuwa naye?

Swali la tano ndilo linalotenganisha hamu na uamuzi. Mtoto akisema "mimi", aambiwe aandike kwenye karatasi jina la mtu wa pili, na mtu huyo aulizwe kwanza. Kama jina la pili ni la mama, basi mama ndiye anayekubali au kukataa. Asibebeshwe kimyakimya.

Na kama jamaa imekubali, msidharau faida yake. Mtoto anayejifunza kungoja mwaka mzima ili aone ngozi moja ikivuliwa, bila kutikisa sanduku, amepata malezi ambayo simu haimpi. Daftari dogo linamsaidia: aandike tarehe ya kula, tarehe ya kukataa chakula, tarehe ya kujivua. Baada ya miaka mitatu atakuwa na kitabu chake mwenyewe, na ataona kwa macho yake kwamba kitu kilichoonekana kimesimama kilikuwa kinakua.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Kununua buibui kunachukua dakika chache, kumtunza kunachukua miaka. Wiki hii katika vikundi vyenu, ongeeni juu ya ahadi za muda mrefu zilizomo nyumbani mwenu, iwe ni mnyama, mti wa avoka au akiba ya shule. Kila moja itajiwe nani anaibeba sasa, na nani ataipokea baadaye.